Ageukaye Mlangoni Haulizwi

Ndani ya korongo la Zangui watu wote ni viziwi. Hata uwe na masikio ya popo, ukishafika chini ya poromoko la kwanza hayakusaidii kitu. Maji yanaanguka, kuta zinayarudishia kelele zake, na mwenzako aliyesimama karibu nawe anafumba na kufumbua mdomo kama samaki. Ndiyo maana sisi tunaowashusha wageni humo kwa kamba tunasema kwa mikono. Kiganja juu ya kofia ngumu: niko salama. Ngumi juu: simama hapo hapo. Vidole viwili vikitembea hewani: nipe kamba kidogo. Kipenga tunacho shingoni, kwa sababu mlio wake mwembamba hupenya pale sauti ya mtu isipopenya, lakini maneno yote ya maana ni ya mikono.

Na hakuna aliyesema vizuri kwa mikono kama shemeji yangu Sully Gonthier, mume wa dada yangu Yolène. Sisi wengine tunapunga kama tunafukuza inzi. Sully aliinua mkono polepole, akauacha pale juu, na mgeni aliyekuwa akitetemeka ukingoni mwa genge akatulia. Nimeshuka naye Zangui karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sitaficha, nilikuwa namwonea wivu. Mimi nilipewa mdomo, yeye akapewa mikono.

Alizaliwa juu kabisa ya Cilaos, mji wetu wa milimani, kwenye kitongoji cha nyumba chache ambacho njia yake inapita kando ya genge. Baba yake, mzee Firmin, alilima dengu kama kila mtu, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kurina asali ya nyuki wa magengeni. Alisokota kamba ya mkonge kwa mikono yake, akaifunga kwenye mti, akaning'inia na kopo lake la moshi mgongoni, na Sully akaachwa juu kuishika. Kule chini baba hakuonekana, na upepo uliiba kila alichosema. Walisemezana kwa kuivuta kamba. Ikivutwa mara moja, simama. Ikivutwa mara mbili, nipo, tuendelee. Sully alikua akiamini kwamba kila baba na mwanawe wana kamba yao.

Alipomwoa dada yangu alikuwa hana kitu zaidi ya viatu. Yolène alikuwa mdarizi, tena mdarizi hodari wa vitambaa vya meza, na wachumba hawakukosekana. Nilimwuliza amemwona nini yule mwana wa mrina asali. Akaniambia, "Ananisikiliza." Basi. Nikacheka nikidhani ni jibu la msichana. Baadaye waliponizalia mpwa, Ludivine, Sully alimfungia kamba ya kuanikia nguo kiunoni, ncha nyingine akaipeleka jikoni kwa mama yake, na mtoto akazunguka uani akicheza korongo. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, nipo. Yolène alipika dengu huku amefungwa kamba kiunoni, anawajibu kwa ishara kupitia dirishani, na mimi nikasema hii nyumba imeingiliwa na wazimu.

Sasa nikueleze Mlango, maana bila Mlango hakuna hadithi.

Ukiingia Zangui unashuka maporomoko mawili matatu madogo, unapanda mawe, unateleza kwa makalio, unacheka. Kisha kuta zinakaribiana mpaka unaweza kuzigusa zote mbili, na kijito kinapita katikati na kutumbukia. Huo ndio Mlango. Pale juu kuna njia ya mbuzi ya kutokea, na ndiyo ya mwisho. Kamba tunaipitisha kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani, inaning'inia ncha mbili mpaka chini, tunashuka mmoja mmoja. Wote tukishafika chini, kiongozi anavuta ncha moja na kamba inaanguka yote. Kuanzia hapo hakuna kurudi. Kuta ni laini kama sahani, na njia ni moja tu, kwenda mbele mpaka darajani, tunapotokea barabarani.

Kwa hiyo kabla kamba haijavutwa, kiongozi anamtazama kila mtu machoni. Yeyote anaweza kuweka mkono wake juu ya kamba. Maana yake ni kwamba yeye anageuka, anapanda juu, anakwenda nyumbani. Haulizwi kwa nini. Haulizwi siku ile, haulizwi kesho, hata mkewe hamwulizi. Wazee wanasema zamani za asali mtu mmoja aligeuka pale kwa sababu ya ndoto mbaya, akataniwa mpaka Pasaka, na ndoto ilipomjia mara ya pili akaona aibu kugeuka tena. Asali aliyokwenda kuifuata hakuna aliyeila. Tangu hapo ageukaye Mlangoni haulizwi, na nimewaona wakigeuka watu wenye vifua vya fahali, nami ninayetania hata misibani nikatazama pembeni. Lakini kuuliza ndiko kulikokatazwa. Kusimulia sijasikia kwamba kumekatazwa.

Sully hakuwahi kugeuka.

Mwaka ule vimbunga vilitupita mbali. Mvua ilinyesha ya kulowanisha vumbi tu, na ilipofika Oktoba, Zangui ilikuwa imebaki uzi. Poromoko lililokuwa likitutia uziwi likawa linachuruzika ukutani kama birika linalovuja. Tukaingia korongoni siku moja tukakuta kimya.

Sijui nikielezeje kimya kile. Nilikuwa nimepita pale nusu ya umri wangu na sikuwahi kusikia tone la maji likianguka. Sasa nililisikia, na la pili, na ndege mdogo mahali fulani kwenye mikangaga, na pumzi zangu mwenyewe. Maji ya vidimbwini yalikuwa yamesimama na kuwa kijani kibichi. Ukilala chali juu yake unaona mbingu imekuwa utepe mwembamba huko juu, na mwanga unashuka ukutani taratibu, wa dhahabu, unafika kwenye maji, unakugusa usoni. Unasahau una mwili. Wageni walianza kunong'ona kama wako kanisani. Ningeweza kulala mle nikaamka mzee, na nisijali.

Lakini ulimi ni ulimi. Kwa kuwa sasa tunasikilizana, tukaanza kusema. Tulisema ovyo, tukaimba, tukasikiliza kuta zikitujibu. Wote isipokuwa Sully. Yeye aliendelea na mikono yake. Kiganja kichwani, ngumi juu, vidole vikitembea.

"Shemeji," nikamwambia kwa nyuma, "maji yamekauka, na ulimi wako nao umekauka?"

Hakugeuka. Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na kuta zikarudia, umekauka, umekauka, umekauka, mpaka wageni wakacheka. Sully alikuwa anatazama jani la mkangaga, anaangalia tone likikua kwenye ncha yake.

Muda si muda, mbuzi akapita huko juu ukingoni akaangusha jiwe. Nikapiga kelele, "Jiwe!" Kila mtu akajibandika ukutani. Sully alikuwa katikati, ameinama, anaishindilia kamba kwenye mfuko wa kuibebea. Jiwe likatumbukia kidimbwini karibu na goti lake, likamrushia maji usoni. Akajifuta. Akatazama juu kama mtu anayejiuliza mvua imeanza lini. Kisha akaniona nilivyosimama, akaweka kiganja kichwani: niko salama. Akatabasamu, na tabasamu likamfia midomoni. Nilijua, na yeye akajua kwamba nimejua.

Tulipotoka nikasubiri wageni waingie garini, nikamvuta nyuma ya gari.

"Tangu lini?"

"Usinipigie kelele."

"Nisipopiga utanisikia?"

"Sauti nene nazipata kidogo. Yako, kwa bahati mbaya, bado naipata ukiwa mbele yangu." Alikuwa ananitazama midomo. "Vilivyokwenda ni vile vyembamba. Ndege. Simu. Kipenga."

"Kipenga!" Nilitaka kumzaba kofi. Mtu wa mwisho ndiye anayebaki juu ya genge peke yake, na ni kipenga cha walio chini kinachomwambia kamba iko huru au simama, usishuke. Na mtu wa mwisho wetu, miaka nenda rudi, alikuwa Sully. "Sasa juu Mlangoni unajuaje?"

Akanishika kifundo cha mkono, akakivuta mara mbili. "Naisikia kwa viganja. Uzito ukitoka, naujua."

"Watu hawakuvutii kamba, Sully. Wanapuliza! Wewe unabahatisha!"

"Sijakosea bado."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Ni kifo changu."

"Si chako peke yako, mjinga wewe! Ukikosea, chini yako ananing'inia mtu!"

Akainama. Nilidhani amekasirika, lakini alipoinua uso nikaona kitu kibaya zaidi ya hasira. "Nikitoka humu nikakae wapi, Ary?" akasema. "Nyumbani nimeshakufa nusu. Mezani nacheka wenzangu wakishamaliza kucheka. Dukani naitikia ndiyo kwa maswali ambayo sijayasikia. Humu ndani tu ndimo nilimo mtu mzima, kwa sababu humu nyote mko kama mimi." Akavuta mlango wa gari, akaongeza, "Ludivine amefaulu mtihani wa uongozaji. Ataongoza msafara wake wa kwanza, anataka mimi niwe wa mwisho. Niache nimshushe mwanangu mara moja. Halafu sema utakalo."

Nikapanda garini. Kichwani nilikuwa na majibu kumi, na yote yalikuwa ya kikatili.

Jumapili tukala kwao. Wali, dengu, soseji za moshi, na ile pilipili ya dada yangu ya kupondwa na tangawizi, ambayo huwa inakaa upande wa Sully kwa sababu ndiye mlaji mkuu.

"Sully, pilipili," akasema Yolène.

Sully akamsogezea bakuli la dengu.

"Pilipili!"

Akampa mkate.

"Sikio la kufa!" Yolène akainuka akaichukua mwenyewe. "Mume wangu siku hizi anasikia anachotaka. Nikimwambia nenda kalete kuni hasikii, mtu akitaja ramu kwa jirani anasikia."

Tukacheka, hata mimi, kwa mazoea. Sully akatutazama nyuso, akaona ni kicheko, akacheka naye. Alichelewa, kama mtu anayefika mazishini watu wakishatawanyika. Niliacha kula. Ludivine naye hakucheka. Alikuwa amekaa mkabala na baba yake, kijiko mkononi, anamtazama vidole.

"Mjomba," akaniambia nilipokuwa nikiaga, "na wewe utakuwepo siku yangu, si ndiyo?"

"Nikikosekana, nani atakucheka?"

"Nakutaka wewe wa nne, mbele ya baba."

"Na baba yako wa mwisho?"

Akageuka kumtazama baba yake. "Amekuwa wa mwisho tangu sijazaliwa," akasema.

Nilikwenda nyumbani nimeamua. Ningeingia nao mpaka Mlangoni. Ningemwacha amshushe mwanawe ile mara moja aliyoiomba, kisha kule chini, kabla kamba haijavutwa, ningesema wazi mbele ya wote: Ludivine, baba yako ni kiziwi, hafai kukaa nyuma ya watu. Ningemvunjia Sully jina mahali pale pale alipolijenga, na asingenisamehe, na dada yangu labda naye asingenisamehe. Bora hivyo kuliko kumfuata mtu darajani akiwa amebebwa. Nililala vibaya kila usiku mpaka siku ilipofika.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri mpaka inaudhi. Wageni walikuwa mume na mke wa makamo kutoka Ufaransa, watu wapole, yeye mume anaogopa na mke anamwonea haya. Ludivine akawafunga mikanda ya kiunoni na mapajani, akavuta kila kishikizo, akavuta tena. Alikuwa na mikono ya baba yake. Mimi mjomba nilikuwa sijaiona, na siku hiyo niliiona.

Tukateremka yale maporomoko madogo katika kimya kile. Maji yalitufika vifundoni, kisha viunoni, kisha tukaogelea. Kerengende mwekundu alitufuata, anatua kwenye kofia moja, anahamia nyingine. Mgeni mume aliacha kuogopa bila mwenyewe kujua, na mkewe akawa anagusa kuta kwa ncha za vidole kila anapopita. Sully alikuwa nyuma yetu, maji kifuani, uso juu, mdomo wazi kidogo. Sijawahi kumwona mtu ametulia vile. Nilisema moyoni, Mungu nisamehe, huyu ndiye ninayekwenda kumfukuza kwake.

Tukafika Mlangoni. Ludivine akatangulia, akashuka bila mbwembwe. Kipenga chake kikaita kutoka chini: kamba huru. Mke akashuka. Mume akashuka. Nikajifunga mimi.

Katikati ya genge lile kuna kibaraza cha mwamba, upana wa kiti. Nilipofika pale mguu ulishikwa na mkakamao, ule wa uzee, na nikakanyaga nijipumzishe. Nikakaa pale nikilisugua paja. Uzito wangu wote ulikuwa juu ya mwamba, na kamba ikalegea.

Chini, Ludivine akapuliza mara moja, kirefu. Simama. Hakuwa ananiambia mimi. Nikatazama juu nikaona soli za viatu vya Sully zikitokeza ukingoni.

Alihisi uzito umetoka. Alidhani nimefika. Alikuwa anakuja kwenye kamba ile ile, juu ya kichwa changu, kwenye ukuta wenye mawe yaliyokauka na kulegea, na kokoto za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunidondokea kofiani. Kipenga kikalia tena, na tena, kuta zote zikajaa mlio. Mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Aliendelea kushuka, ametugeuzia mgongo, ametulia kama mtu aliye usingizini.

Ndipo kamba ikanipita pajani kwa nguvu, mara moja.

Sully akasimama. Alisimama pale pale, mguu mmoja hewani. Nilitazama chini. Ludivine alikuwa ameacha kipenga kikining'inia, ameishika ncha ya kamba kwa mikono miwili, ameivuta na kuikaza. Hakuangalia wageni, hakuniangalia mimi. Alikuwa anamtazama baba yake huko juu, na amemshika kama alivyokuwa akishikwa yeye uani, siku za kamba ya kuanikia nguo.

Niliteremka upesi kuliko umri wangu. Ludivine akanifungua, akahakikisha niko pembeni. Kisha akaivuta kamba mara mbili. Nipo, tuendelee.

Sully akashuka. Alichukua muda. Alipofika akasimama majini, maji kiunoni, akajifungua, na hakumtazama yeyote isipokuwa binti yake. Wageni hata hawakujua kama kuna jambo. Wao walidhani ndivyo inavyofanywa.

Ludivine akachukua ncha ya kuvutia. Alikuwa kiongozi, na kazi ni kazi. Akamtazama mgeni mke: kiganja kichwani. Akamtazama mume: kiganja kichwani. Akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, maneno yangu yote niliyoyapanga usiku na usiku yako pale tayari kwenye meno.

Mkono wa Sully ukatua juu ya kamba.

Aliuweka polepole, kama alivyokuwa akifanya kila kitu, akauacha pale. Mkono mpana, wenye makovu ya kamba ya mkonge ya baba yake. Nikafunga mdomo. Sikuruhusiwa kuuliza, na nilimpenda shemeji yangu wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Ludivine akainamisha kichwa. Ndivyo inavyotakiwa, kichwa tu. Sully akatoa vyuma vyake vya kupandia, akavibana kwenye kamba, akaanza kupanda. Tulimtazama akipungua ukutani, akipita kibaraza changu, akipita uzi ule wa maji, mpaka akafika kwenye mwanga na kutoweka. Baadaye tukaona kofia yake tu. Alikuwa amekaa kando ya pete.

Sasa kamba ilipaswa kuvutwa. Ludivine aliishika na hakuivuta. Nilisikia tone moja likianguka, na jingine. Kisha akaivuta kidogo, mara mbili, akangoja.

Kamba ikaruka mikononi mwake. Mara moja, halafu mara ya pili.

Akaivuta yote. Ikapita kwenye pete, ikafyatuka, ikaja ikizunguka hewani kutoka kule kwenye mwanga mpaka kwetu kivulini, ikaanguka kidimbwini. Akaikusanya bila kuinua uso, akanikabidhi mfuko. Kuanzia hapo mtu wa mwisho nilikuwa mimi.

Chini ya Mlango kuna bwawa refu, lenye giza, ambalo kila mtu huliogelea chali ili aone utepe wa mbingu. Mpwa wangu alitangulia. Alielea mbele yetu, mikono imeachia, kofia inagusa kuta taratibu na kuachana nazo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikumsogelea. Mle ndani uso wa kila mtu umelowa. Alipofika upande wa pili alikuwa amemaliza, akampa mgeni mkono wa kumtoa majini, akamsifu kwa kiganja kichwani, na mgeni yule mwoga akakua futi moja.

Sully alikuwa darajani kabla yetu. Alikuwa ameipita njia ya mbuzi mbio, na alikuwa na chupa ya kahawa na mkate, kama mama mpishi wa shule. Suti yake ya mpira ilikuwa imeshakauka juani. Ludivine akatoka majini, akapanda mawe ya mwisho, akasimama barabarani, kwenye lami, ambako magari yanapita na kila mtu anasema kwa mdomo. Hakufungua mdomo. Akaweka kiganja kichwani.

Baba yake akaweka chake.

Tukaenda kula kwao. Yolène alitoka mlangoni na aproni yake, akatuona sisi tunachuruzika na mumewe mkavu. Alitazama kwa muda suti ile kavu. Ni mtoto wa hapa, dada yangu. Anajua mtu mkavu ametokea wapi. Nilimwona akilimeza swali, na lilikuwa kubwa, lilimpita kooni kwa shida. Akasema, "Ingieni, wali unapoa."

Tukaketi mezani. Ludivine alikuwa mkabala na baba yake tena. Akainua ngumi: simama, usile kwanza. Akafumba macho kwa ajili ya sala, na Sully akafumba pamoja nasi, wakati ule ule. Sala ilipokwisha binti akaweka kiganja kichwani, na baba akachukua kijiko. Yolène aliwatazama. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akanigeukia mimi mwenye mdomo, nami nikajijaza wali mdomoni. Nikaona macho yake yakirudi nyuma, kwenye bakuli la dengu, kwenye mkate, kwenye kuni, kwenye kila alichompigia kelele mwaka ule.

Akafuta uso kwa aproni. Halafu akafumbua mdomo aseme kitu, akaufumba. Akainua mkono juu ya wali, na vidole vyake viwili, vidole vya mdarizi, vikatembea hewani. Nipe kamba kidogo.

Sully akamsogezea pilipili.